Mkulima mdogo anakopesheka, ila mkopo haufuati msimu wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalotugusa sana sisi tunaolima kando ya Ziwa Victoria, nalo ni ugumu wa mkulima mdogo kupata mkopo katika benki na taasisi nyingine za fedha zinazotambuliwa kisheria. Mara nyingi nimesikia redioni, kwenye semina na hata katika mikutano ya hadhara kwamba mkulima mdogo hakopesheki. Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba sasa wakulima wenyewe huisema, tena bila uchungu, kama mtu anavyosema kwamba kiangazi kina vumbi. Mimi ni mkulima wa mpunga, pamba na choroko wilayani Magu, na kwa miaka 11 nilikuwa mtunza hesabu wa chama chetu cha msingi cha ushirika. Nimewaandika wanaokopa na nimewaandika wanapolipa. Naandika kwa sababu najua kauli hiyo si ya kweli, na kwa sababu inatuumiza.

Nianze na jambo nililolishuhudia. Oktoba ya mwaka juzi, mama mmoja jirani yangu, mjane mwenye majaruba ya mpunga ya ekari tatu hivi, aliniomba nimsindikize mjini Mwanza katika tawi la benki ambayo sitaitaja. Alihitaji shilingi 1,200,000 kwa ajili ya kulimia, mbegu, mbolea na vibarua wa kupandikiza na kupalilia. Alivaa kitenge chake cha kutokea, na ndani ya mfuko alibeba kaunta buku ambalo amekuwa akiliandika tangu mumewe alipofariki: magunia aliyovuna kila msimu, aliowauzia, bei aliyopata na fedha alizotumia shambani. Ni misimu saba mfululizo, kwa kalamu za rangi tofauti, ukurasa mmoja ukiwa umevimba kwa maji ya mvua. Afisa mikopo alitupokea vizuri, akamwamkia mama kwa shikamoo, akalifungua lile daftari, akapitisha macho kwenye kurasa mbili, kisha akalifunga na kumrudishia taratibu. Baada ya hapo akataja anavyovihitaji: namba ya NIDA, barua ya mtendaji wa kijiji, picha, namba ya mlipakodi, taarifa ya akaunti ya miezi sita, wadhamini wawili wenye kipato kinachoeleweka, na hati ya kiwanja au nyumba. Mama akauliza kama majaruba yake yanafaa kuwa dhamana. Akajibiwa kwamba shamba la kijijini lisilo na hati ni vigumu kupokelewa.

Simlaumu kijana yule, kwa kuwa fomu aliyokuwa nayo haina mahali pa kujaza misimu saba ya mpunga. Ninachotaka wasomaji wakione ni yale yaliyofuata. Tulikwenda mjini mara tatu. Niliweka hesabu, kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea: nauli 24,000, chakula cha njiani 6,000, picha na nakala 7,000, kiapo kwa wakili 20,000, na fomu pamoja na mihuri 15,000. Jumla ni shilingi 72,000, ambayo ni asilimia sita kamili ya mkopo alioomba, imetoka mfukoni kabla hajaona hata senti moja ya benki. Mwishowe mdogo wake, ambaye ni mwalimu, alikubali mshahara wake uwe dhamana, na hapo ndipo milango ilipofunguka. Jibu lilikuja katikati ya Januari: atapewa shilingi 500,000, na ataanza kurejesha Februari, kila mwezi, kwa miezi kumi na miwili.

Anayelima mpunga huku kwetu anaelewa mara moja kasoro iliyopo. Kitalu cha miche huandaliwa mwezi Desemba, miche hupandikizwa Januari na Februari mvua inaporuhusu, na mavuno huanza Mei hadi Juni. Fedha inayokuja katikati ya Januari inamkuta mkulima ameshakodi plau kwa mkopo wa mdomo au ameshaacha jaruba moja bila kulimwa. Na marejesho ya Februari, Machi na Aprili yatatoka wapi, wakati shambani kuna majani mabichi tu na ghala la nyumbani limebakiwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kusubirishia? Yatatoka kwenye mkopo wenyewe. Mama angechukua fedha ya mbolea aanze kuirudisha benki kabla mbolea hiyo haijaingia ardhini. Aliukataa mkopo ule, na nilimuunga mkono, ingawa moyoni niliumia kwa siku tulizozipoteza.

Akaenda kwa mnunuzi wa mpunga. Mnunuzi hakuomba barua wala picha. Alimpa shilingi 400,000 siku hiyo hiyo, kwa makubaliano ya magunia kumi wakati wa mavuno. Juni ilipofika gunia la mpunga lilikuwa likiuzwa shilingi 80,000 kijijini kwetu. Kwa hiyo mama alitoa mpunga wa shilingi 800,000 kulipia mkopo wa 400,000 aliokaa nao miezi isiyozidi sita, tena magunia yenyewe yakishindiliwa lumbesa. Alilipa yote kumi. Hakuhama kijiji wala hakumkwepa mdai wake gulioni. Mtu anayeweza kulipa deni la namna hiyo, lenye riba inayolingana na mtaji wenyewe ndani ya nusu mwaka, kwa nini aambiwe hakopesheki kwa riba ya asilimia kumi kwa mwaka mzima?

Nimeitaja asilimia kumi kwa makusudi. Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua ambayo sisi wakulima tuliipokea kwa furaha kubwa: ilitenga mkopo maalumu wa shilingi trilioni 1 kwa ajili ya mabenki, kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba benki itakayochukua fedha hizo iikopeshe sekta ya kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Benki zinazokikopesha kilimo zililegezewa pia kiwango cha amana wanachotakiwa kuweka Benki Kuu. Baada ya hapo baadhi ya benki kubwa zilitangaza riba ya asilimia 9 kwa mikopo ya kilimo. Hiyo ilikuwa kazi nzuri, na nchi ambayo karibu theluthi mbili ya watu wake wanategemea kilimo ilistahili hatua hiyo mapema zaidi. Hata hivyo, nashawishika kusema kwamba tulishughulikia bei ya mkopo tukauacha mlango ukiwa mwembamba vilevile. Mkulima anayelipa asilimia mia moja kwa mnunuzi hakuwa ameshindwa na riba ya benki. Alishindwa na hati, na safari, na tarehe ya fedha kutoka, na tarehe ya marejesho kuanza.

Kuhusu hati, sheria tunazo kwa zaidi ya robo karne. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kuwekwa rehani. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa MKURABITA, ambao sehemu ya kazi yake ni kurasimisha ardhi za wanyonge ili ziwe mtaji. Lakini hati hiyo haiji yenyewe. Kijiji kinatakiwa kwanza kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji, mipaka isiyo na ugomvi na majirani, mpango wa matumizi ya ardhi na masijala ya kutunzia kumbukumbu. Kijiji chenye ugomvi wa mpaka na wafugaji wa upande wa pili kinaweza kukaa miaka bila kufika hatua ya kumpimia mtu hata mmoja, na mkulima mwenye shamba safi lisilo na mgogoro anaadhibiwa pamoja na wengine.

Hapa lazima niwatendee haki watu wa benki, kwa sababu hoja yao moja ina uzito. Hata mkulima akiwa na hati ya kimila mkononi, benki hujiuliza shamba hilo litauzwa kwa nani iwapo deni halitalipwa. Mtu wa nje hawezi kununua ardhi ya kijiji bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji, na ndani ya kijiji, nani atainua mkono kwenye mnada wa shamba la marehemu jirani yake? Nimezaliwa Usukumani na nasema bila kusita kwamba hatainuka mtu. Tena nafurahi kwamba hatainuka, kwa kuwa kijiji ambacho mashamba yake yanauzwa kila mvua inapokosa kitakuwa kijiji cha vibarua katika muda usiozidi miaka kumi. Ndiyo maana siamini kwamba hati peke yake ndiyo dawa, kama tunavyoambiwa katika kila semina. Ardhi ya mkulima mdogo ni dhamana mbaya kwa benki na ni dhamana ya hatari kwa familia. Kinachofaa kusimama mbele ya mkopo wa msimu ni zao la msimu huo pamoja na historia ya mtu katika kulilima.

Kwa wanawake jambo hili ni zito maradufu. Sheria ya mwaka 1999 inakataza mwanamke kunyimwa haki ya ardhi kwa sababu ya jinsi yake, na inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya ardhi ya familia kuwekwa rehani, jambo ambalo ni kinga njema. Lakini mjane hana mwenzi wa kuridhia, ana mashemeji. Jirani yangu alipotaka kuanza safari ya kupata hati aliambiwa alete muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo. Kikao kiliitishwa mara mbili na hakikufikia idadi. Amelima majaruba yale kwa mikono yake zaidi ya miaka ishirini, watoto wamesoma kwa mpunga wa pale, na bado kwenye karatasi yeye ni mtu anayesubiri watu wengine wakae kikao. Namuomba kila mwanaume anayesoma barua hii, aliyepewa nafasi ya kukaa katika kikao cha namna hiyo, ahudhurie siku anayoitwa.

Wapo watakaosema mkulima ajiunge na kikundi cha kuweka na kukopa. Vikundi tunavyo, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vinatambulika kisheria. Vimetusaidia katika ada za shule, misiba na matibabu kuliko taasisi yoyote. Lakini kama mtu aliyeshika kitabu cha kikundi, nilijifunza jambo ambalo sijalisikia likisemwa hadharani: kikundi cha wakulima watupu hakiwezi kukopesha kilimo. Mwezi Novemba, kila mwanachama anataka fedha ya kulimia, na sanduku lina akiba ya miezi ambayo hakuna aliyevuna. Mwezi Julai sanduku limejaa, na anayetaka kukopa hayupo kwa kuwa kila mmoja ameuza mazao yake. Mvua ikikosa, inatukosa sote kwa pamoja, kwa hiyo hakuna wa kumbeba mwenzake. Ndiyo sababu kikundi kinahitaji fedha ya kutoka nje kwa miezi ile minne au mitano tu, na fedha hiyo ndiyo kazi ya benki. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, imetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni utaratibu mzuri kwa walengwa wake, ila mkulima wa kiume mwenye umri wa miaka hamsini hayumo, na mgawanyo wake nao hufuata mwaka wa fedha wa serikali badala ya mvua. Na mikopo ya simu ya siku thelathini siizungumzii sana, kwa kuwa hakuna zao linalokomaa kwa siku thelathini isipokuwa mchicha. Ile ya mitaani inayoitwa kausha damu jina lake linatosha.

Nirudi kwenye historia ya mtu, maana hapo ndipo naona njia. Inasemwa kwamba mkulima hana kumbukumbu. Si kweli. Akipeleka pamba kwenye chama cha msingi hupewa stakabadhi yenye kilo na bei. Choroko na dengu katika mikoa yetu sasa huuzwa kwa mnada chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi, na malipo hupitia akaunti ya benki, wakati mwingine benki ile ile inayomwambia mkulima kwamba haimfahamu. Tangu ruzuku ya mbolea iliporejeshwa mwaka 2022, wakulima wanaandikishwa kwenye daftari la taifa wakitaja ukubwa wa mashamba na mazao wanayolima. Mtu aliyeuza choroko kwa misimu minne mfululizo kupitia ghala moja ana kumbukumbu bora kuliko mfanyabiashara wa duka anayeuza kwa fedha taslimu bila kuandika. Kumbukumbu hizo zipo katika mifumo mitatu tofauti isiyoonana, na mkulima mwenyewe hana namna ya kuzichapisha akazipeleka kwa afisa mikopo. Kazi ya kuziunganisha si ya mkulima.

Jambo jingine linalohusu kumbukumbu linanikera zaidi. Katika msimu wa pamba wa mwaka 2019 wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa walicheleweshewa malipo yao na wanunuzi. Pamba ilikwishapimwa na kuondoka, mkulima amebaki na karatasi kwa wiki nyingi, na wengine kwa miezi. Waliokuwa na mikopo walichelewa kurejesha kwa sababu wao wenyewe walikuwa wanadai. Siku hizi benki hupeleka taarifa za wakopaji katika kanzidata ya mikopo, na mkulima anayechelewa huandikwa kuwa mkopaji mbaya, na alama hiyo humfuata kokote anakokwenda kuomba. Nauliza kwa nia njema kabisa: mnunuzi aliyechelewesha malipo ya wakulima mia tatu aliandikwa wapi? Kama tunataka kujua nani ni mkopaji mbaya, tuandike mnyororo wote, kwa sababu mkulima ndiye wa mwisho kulipwa na wa kwanza kudaiwa.

Sitaki nionekane natetea kila mkulima. Nimekaa nyuma ya meza ya chama na nimewaona wenzetu waliochukua pembejeo za mkopo wakauza pamba yao usiku kwa mnunuzi wa pembeni ili makato yasiwapate. Nimewasikia waliosema kwamba fedha ya serikali haina mwenyewe. Na vyama vyenyewe viliwahi kutuangusha vibaya. Wazee wetu wanakumbuka jinsi Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, lilivyokuwa fahari ya watu wa Kanda ya Ziwa, likawa na viwanda vyake vya kuchambua pamba, na jinsi ushirika ulivyodhoofika baadaye hadi vyama kuvunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 vikiwa si vile tena. Madeni, wizi wa mizani na viongozi waliojinufaisha vilivunja imani ambayo haijarudi yote hadi leo. Mkulima aliyekatwa fedha asizozielewa mwaka mmoja atauza kwa mlango wa nyuma mwaka unaofuata. Pamoja na hayo, utaratibu wa msingi wa enzi zile ulikuwa wa akili: pembejeo zinatolewa kabla ya mvua, zao linapelekwa mahali pamoja, deni linakatwa siku ya mizani, na salio linalipwa kwa mkulima. Hakuna aliyemdai marejesho ya Februari. Nafurahi kuona kwamba mwaka 2025 Benki ya Ushirika Tanzania imezinduliwa Dodoma, na ombi langu kwake ni moja, kwamba isije ikawa benki nyingine yenye jengo zuri mjini na fomu ile ile.

Hofu ya ukame na mafuriko nayo ni ya haki. Mwaka 2020 ziwa letu lilipanda kuliko watu wengi walio hai walivyowahi kuliona, likameza bustani na majaruba ya kandokando pamoja na nyumba kwenye mialo. Mtu aliyekuwa na mkopo kwenye bustani ya nyanya iliyogeuka kuwa makazi ya kambale hakuwa mzembe. Bima ya mazao imeanza kuzungumzwa, na mwaka 2023 kampuni za bima nchini ziliunda umoja wa pamoja wa bima ya kilimo, lakini kijijini kwetu hajafika mtu wa kutueleza inavyofanya kazi. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, iliyozinduliwa mwaka 2015, nayo ina mfuko wa dhamana kwa wakulima wadogo, ambao kwa huo hugawana na benki za biashara sehemu ya hasara pale mkopo unapoharibika. Huo ndio utaratibu unaoweza kuchukua nafasi ya hati ya nyumba ya mjini. Mama yule hakutajiwa hata kidogo kwamba upo, na mimi niliyekuwa pembeni yake sikujua kuuliza.

Ninachokiomba kwa wenye benki kinaweza kuanza kwa wilaya moja, na ningependa iwe Magu au Kwimba. Maombi ya mikopo ya mpunga na pamba yapokelewe Agosti na Septemba, mkulima akiwa bado ana fedha ya mavuno na muda wa kufuatilia, na majibu yatoke kabla ya Oktoba kwisha. Fedha itoke kwa awamu: ya kulimia, ya mbolea, ya palizi, kwa sababu hivyo ndivyo shamba linavyoila. Marejesho yawe mara moja au mara mbili baada ya mavuno, na mkulima apewe mwezi mmoja au miwili ya kusubiri bei, ili asilazimike kuuza siku ile ile ambayo kila mtu anauza. Afisa mikopo aje gulioni siku ya gulio, au kazi ya kupokea fomu apewe wakala wa benki aliyepo senta, anayemjua kila mtu na ukoo wake. Na pale mkulima anapokuwa na stakabadhi za misimu mitatu au zaidi, stakabadhi hizo zihesabiwe.

Kwa Benki Kuu nina ombi tofauti. Tunapotangaziwa kwamba mikopo ya kilimo imeongezeka, tuelezwe imemfikia nani. Neno kilimo linaweza kumbeba mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mwagizaji wa mbolea na mnunuzi wa mpunga mwenye malori, na wote hao wana haki ya kukopa. Huenda hata yule aliyempa jirani yangu 400,000 alizitoa kwenye mkopo wa benki. Nashauri kila mwaka zichapishwe takwimu za kila wilaya: wakulima wangapi walipata mkopo usiozidi shilingi milioni mbili, wangapi kati yao ni wanawake, fedha ilitoka mwezi gani, na wangapi walirejesha. Takwimu hizo zikiwepo, hatutahitaji kubishana tena kama mkulima mdogo anakopesheka au la, maana kila mtu atasoma mwenyewe.

Jana jioni mama alipita nyumbani kuazima bomba la dawa. Aliniuliza kama mwaka huu twende tena mjini, au aende moja kwa moja kwa mnunuzi kabla mnunuzi hajaongeza idadi ya magunia anayotaka. Nimemwambia twende Jumanne, mapema, tena safari hii tuulize kuhusu huo mfuko wa dhamana kwa jina lake. Kaunta buku sasa lina misimu minane, na nimemwomba alibebe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na mtunza hesabu wa zamani wa chama cha msingi cha ushirika,
Wilaya ya Magu, Mwanza.